Somo: Kutua na ndege ya gurudumu la mkia, kwa rubani aliyezoea Cessna 172

Kwenye 172, ndege yenye gurudumu la pua, kitovu cha uzito kiko mbele ya magurudumu makuu (yale mawili yaliyo chini ya mwili wa ndege). Ukigusa ardhi ndege imekaa upande kidogo, uzito unaivuta na inajinyoosha yenyewe. Kwenye Super Cub au Cessna 180, ambazo zina gurudumu la mkia, kitovu kiko nyuma ya magurudumu hayo. Ukigusa upande, uzito unataka kupita mbele, mkia unazunguka, na kadiri unavyozunguka ndivyo unavyozidi. Bawa la nje linaburuza chini, mguu wa gurudumu unavunjika.

1. Kabla ya kuruka, kagua gurudumu la mkia. Springi mbili za kuliongoza ziwe zimekaza sawasawa. Springi bapa inayolibeba ikichoka hunyooka, ekseli ya kuzungukia inainamia mbele kwa juu, na ukitua gurudumu linatetemeka vibaya.

2. Shuka kwa mara 1.3 ya kasi ambayo bawa linaacha kubeba. Ukizidisha, ndege itaelea, kisha itadunda.

3. Upepo wa ubavu: laza bawa la upande wa upepo, nyoosha pua kwa pedali ya upande wa pili. Pua isipolingana na mstari wa kati wa uwanja, usiguse.

4. Karibu futi moja juu ya ardhi, izuie isitue. Vuta fimbo ya kuongozea ndege taratibu hadi iishie tumboni mwako. Magurudumu yote matatu yaguse pamoja.

5. Fimbo ibaki nyuma kabisa. Macho mbali, mwisho wa uwanja. Miguu ifanye kazi: sukuma kidogo, rudisha upesi. Wengi huharibu hapa, wanakanyaga pedali na kuishikilia. Breki ziwe nyepesi, maana ukizikaba mkia unanyanyuka na propela inachimba ardhi. Mpaka ndege isimame hujamaliza kutua.

MASWALI

Mwalimu, nikidunda nifanyeje?
Kidogo tu: shikilia mkao, ongeza nguvu ya injini kidogo, iache itue tena. Juu sana: nguvu yote, paa tena, zunguka urudi kutua. Usisukume fimbo mbele. Hata kwenye 172 ukisukuma unatua na pua, inadunda tena na tena hadi ukuta ulio kati ya injini na chumba cha rubani unapinda.

Kutua kwa magurudumu mawili ya mbele je?
Kunafaa upepo ukiwa wa vishindo. Unagusa mkia ukiwa juu, kisha unasukuma fimbo kidogo sana ibaki chini. Kipindi kigumu ni mkia unaposhuka: usukani wa mkia umepoteza nguvu na gurudumu lake bado halijashika.

Kama gurudumu la pua ni rahisi, kwa nini hizi bado zinatumika?
Kiwanja cha porini. Mguu wa pua ndio dhaifu. Ukiingia shimo la ngiri umekwisha, na propela nayo iko chini. Shirika la Wanyamapori Kenya limetumia Super Cub na Husky, nayo ni ya gurudumu la mkia, kwa doria. Kwa lami tupu, chukua 172.

Nina leseni ya Marekani, inatosha?
Unahitaji mafunzo na saini ya mwalimu kwenye daftari lako, isipokuwa uliwahi kuwa rubani mkuu wa ndege ya aina hii kabla ya tarehe 15 Aprili 1991.