Kutune GPU za kuchimba kripto: shusha wati kwanza, hashireti itafuata

Wengi wakishapata GPU, yani kadi ya michoro ya kompyuta, kitu cha kwanza wanafungua programu ya ovakloki (ya kuongeza kasi ya kadi) wanasukuma kila kitu juu, namba inapanda wanafurahi, alafu usiku riga (kompyuta ya kuchimbia) inaganda na mpaka asubuhi haijachimba kitu. Tangu Ethereum iachane na uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022 faida ya GPU imekuwa nyembamba sana, kwa hiyo cha kuangalia ni hashireti (kasi ya kuchimba) kwa kila wati na shea zilizokubaliwa (majibu ya kazi ambayo kundi lako la wachimbaji limeyapokea), ile namba kubwa kwenye skrini peke yake haikulipi.

Kabla ya kugusa chochote jua algoritimu unayochimba, yani aina ya hesabu ambayo sarafu hiyo inaitaka kadi ifanye. Etchash ya Ethereum Classic inakula memori, chipu yenyewe haina kazi kubwa, kwa hiyo unaweza kuishusha sana bila kupoteza kitu. KawPow ya Ravencoin inatumia chipu na memori vyote viwili, ukishusha chipu hashireti nayo inashuka, na joto lake ni la kweli. Ndo maana setingi za mtu wa Etchash ukizibandika kwenye KawPow zinakuangusha. Usikopi tu.

Haya, acha kadi ichimbe kama ilivyotoka kiwandani kama nusu saa hivi, andika hashireti, wati, na joto la chipu na la memori. Hiyo ndo rula yako.

Sasa anza na chipu. Kwenye Linux, kwa kadi za Nvidia za karibuni, unafunga kloki (kasi ya chipu) kwa amri ya nvidia-smi -lgc 1400, hapo chipu inakaa kwenye 1400 MHz na volteji inashuka yenyewe. Kwenye Windows fungua MSI Afterburner, bonyeza Ctrl+F, utaona mkunjo wa volteji na kloki, chagua nukta ya chini uunyooshe kuanzia hapo. Mimi napenda kufunga kloki kuliko kubana limiti ya wati peke yake, sababu limiti inaiacha kloki inarukaruka na hashireti inakuwa haitulii. Endelea kushuka kidogo kidogo mpaka uone hashireti imeanza kupungua, alafu rudi hatua moja juu. Kwa mfano RTX 3070 limiti yake ya kiwandani ni wati 220, ila kwenye algoritimu ya memori ikitunwa vizuri inatoa karibu 60 MH/s (hashi milioni 60 kwa sekunde) kwa wati 120 hadi 130 tu.

Memori ndo ifuate. Pandisha kloki yake kwa 100 kila mara, subiri dakika kumi, angalia, panda tena. Kumbuka namba ya Linux ni mara mbili ya ile ya Afterburner, yani +2000 ya HiveOS (mfumo wa Linux wa kuchimbia) ni +1000 ya Windows, hapa watu wengi sana wanachanganyikiwa. Kadi zenye memori aina ya GDDR6X, kama 3080 na 3090, zina kitu cha kunasa makosa, kwa hiyo ukizidisha haigandi, inarudia kutuma data na hashireti inashuka kimyakimya, ukiona umepanda memori na hashireti imerudi nyuma ujue umeshapita mpaka. Na usishangae kadi mbili za modeli moja kukataa setingi moja, memori inaweza kuwa ya Samsung kwenye moja na ya Hynix au Micron kwenye nyingine, kila kadi itune kivyake.

Joto la chipu likiwa nyuzi 55 usidhani uko salama, kwenye 3080 na 3090 memori inaweza kuwa inafika 110 na hapo kadi inajipunguza yenyewe. Programu ya HWiNFO inakuonyesha joto hilo. Ongeza feni, na kama bado badilisha thermo pedi (vipande laini vinavyotoa joto kwenye memori).

Wati nazo usiamini programu tu, kadi nyingi za zamani za AMD zinaripoti chipu peke yake, pima kwa mita ukutani. Na hili nakusihi kabisa: raiza (vipande vinavyounganisha kadi na sloti ya ubao mama) usizipe umeme kwa waya wa SATA. Plagi ya SATA inabeba wati 54 kwenye volti 12, na kadi inaweza kuvuta hadi 75 kupitia sloti, plagi inayeyuka na nyumba inaweza kuungua. Tumia waya wa PCIe wa pini 6 kutoka kwenye pawa saplai, na hiyo pawa saplai usiipakie zaidi ya asilimia 80.

Ukimaliza acha ichimbe masaa 24, alafu nenda kwenye dashibodi ya kundi unalochimbia ulinganishe na mashine yako. Shea zisizo sahihi zikianza kuongezeka rudisha memori chini 100 au 200, hata kama riga haijaganda hata mara moja. Ikipita hayo masaa ndo utiki setingi zijiwashe zenyewe kompyuta ikiwaka, ukitiki mapema na setingi ni mbovu mashine itakuwa inawaka na kuganda, inawaka na kuganda, hata kuifungua uzirekebishe inakuwa shida.