Kabla hujaanza kutoa vitu ndani, zingatia haya kwanza

Siku hizi watu wengi wameamka na hii habari ya kupunguza vitu nyumbani na mimi naiunga mkono kabisa. Nyumba zetu za kupanga Dar ni chumba na sebule, alafu unakuta humo ndani kuna seti nzima ya makochi, kabati la vyombo, redio mbovu mbili, mabegi yamepangwa juu ya kabati mpaka yanagusa dari, mtoto hana hata pa kukaa afanye kazi za shule. Toa. Ila usianze Jumamosi asubuhi kwa mori tu, kuna mambo ya kuweka sawa kabla.

Kwanza ongea na unaoishi nao. Usitoe kitu cha mume, cha mke, cha dada wa kazi, wala begi la mdogo wako alieliacha akaenda chuo Dodoma. Piga simu uulize. Kitu kukaa kwako haimaanishi ni chako.

Nguo ambayo hujaivaa tangu Idi au Krismasi iliyopita, toa. Ifue kwanza, inyooshe, usimpe mtu nguo chafu ukaita ni msaada. Kanga na vitenge vya mama yako usiguse bila kumuuliza hata kama yuko kijijini.

Masufuria makubwa ya shughuli, hapo fikiria vizuri, maana yanakaa mwaka mzima hayaguswi alafu siku ya arobaini au maulidi mtaa mzima unagonga mlango wako. Kama mtaani kwenu kuna kikundi cha kina mama chenye vyombo vya kukodisha basi uza, kama hakuna bakiza moja.

Simu za zamani: toa laini, toa memori kadi, ondoa akaunti yako ya Google, ndo ufute kila kitu kwenye setingi. Ukifuta kabla ya kuondoa akaunti, simu inaweza kumgomea alienunua na atakurudia. Mwandikiane karatasi yenye namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, unaipata kwa kubonyeza *#06#. Na laini usiitupe jalalani, tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwaiyo mtu akiiokota akatapeli nayo, jina litakaloonekana ni lako. Piga *106# uone laini zipi ziko kwa jina lako, usiyoitumia nenda waifunge.

Sasa hapa soma taratibu. KARATASI.

Kuna mama mmoja mtaani kwetu, mtu mzima, tunamheshimu sana. Marehemu mumewe alinunua kiwanja Chanika enzi hizo bado kuna mapori, kwa mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa mkono, mbele ya mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, muhuri upo, mashahidi wapo. Hati hakuna, eneo halijapimwa, na viwanja vingi tu vya pembezoni mwa mji viko hivyo hivyo mpaka leo. Mkataba ukawekwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikaenda chini kabisa ya tranka la chuma, juu yake yakarundikwa madaftari ya watoto ya shule ya msingi.

Miaka ikapita, watoto wamekuwa watu wazima, wakaja kumfanyia mama yao usafi wa stoo. Nia njema kabisa, walitaka mama apate nafasi na hewa. Wakaona tranka limejaa madaftari, wakayamwaga yote uani wakachoma, tranka akapimiwa kijana wa chuma chakavu akalipa kwa kilo akaondoka. Hakuna aliepekua mpaka chini.

Shida haikuonekana siku ile. Ilionekana urasimishaji, yaani zoezi la kupima na kutambua rasmi maeneo ya watu, ulipofika ule mtaa wa Chanika, wapimaji wanapita, kila mtu aonyeshe alipataje eneo lake, mama anauliza tranka langu liko wapi. Aliewauzia keshafariki, na watoto wake wanasema baba yao aliazimisha tu shamba hakuuza. Mwenyekiti wa wakati ule hayupo, ofisi ilishahama, nakala haionekani. Mashahidi wengine wametangulia mbele za haki, aliebaki anakumbuka kusaini ila mipaka haikumbuki. Wakaenda polisi kuchukua ripoti ya upotevu, wakala viapo, wakaenda baraza la kata ambalo tangu sheria ibadilishwe 2021 linasuluhisha tu haliamui, suluhu ikashindikana, sasa wako baraza la ardhi na nyumba la wilaya, kila wakienda inapangwa tarehe nyingine, nauli, wakili, na presha ya mama inapanda. Kinachowabeba kidogo ni miembe alioipanda mzee na majirani wa mpakani wanaomjua. Mimi nikimuona yule mama naumia, kwasababu ilikuwa kazi ya nusu saa kupekua lile tranka.

Kwaiyo kabla hujagusa stoo tafuta faili moja. Humo weka mikataba ya mauziano, barua za toleo (za kugawiwa kiwanja), hati, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya kifo, vya shule, talaka, makaratasi ya mirathi, kadi ya gari au pikipiki, ya kliniki za watoto, ya NSSF. Kila karatasi ipite mkononi kwa mtu anaejua historia ya familia, sio kijana wa kibarua. Piga picha utume kwa watu wawili, simu yako peke yake haitoshi. Mkataba wa kiwanja toa kopi, wakili aithibitishe, kopi ikae nyumba nyingine. Na wazee wanaficha vitu sehemu usizodhani, kwahiyo pekua mifuko ya makoti, ndani ya Msahafu au Biblia, kwenye foronya, chini ya godoro, kwenye chupa ya chai mbovu. Makaratasi ambayo huyaelewi usichome siku hiyo hiyo, tia kwenye kiroba, funga, andika tarehe, yakae hata miezi mitatu. Na muulize mama au bibi akiwa hai na kumbukumbu anazo.

Vitu vya marehemu ndo kabisa, usiuze chochote kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi, hata redio, ndugu wanagombana mpaka wanazikana bila kusemeshana.

Mengine ni ya kawaida. Usitoe vitu ukiwa umegombana na mtu, wala ukiwa na njaa ya hela maana utauza kwa bei ya kutupa. Usimwage mabaki mtaroni, masika ikija maji yataingia kwenu na kwa jirani. Nyaya na plastiki usichome. Vijana wa mkokoteni wasiingie ndani, watolewe vitu nje. Funguo ya stoo akae nayo mtu mmoja. Na friji bovu likiwekwa uani kusubiri mnunuzi ng'oa mlango kwanza, watoto wanajificha humo wakicheza.