Barua ya mwalimu kutoka Dar: umwombe nani?

Mpwa wangu alinipigia kutoka Mbagala saa nne usiku. Huku Columbus, Marekani, ilikuwa saa tisa alasiri, niko kazini. Alikuwa amefungua akaunti ya Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi vya Marekani kwa fomu moja, na kufika sehemu ya kuwataja walimu watakaomwandikia barua za mapendekezo. Alitaka kumweka mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma. "Mjomba, si ndio wakubwa wa shule?" Nikamuuliza kama mkuu wa shule aliwahi kumfundisha. Hapana. Anakujua kwa jina? Kimya.

Simlaumu. Nyumbani barua hupata nguvu kwenye muhuri. Barua ya serikali ya mtaa ya kufungulia akaunti benki haielezi wewe ni mtu wa namna gani. Inasema unaishi hapo, chini kuna sahihi na muhuri, basi. Mtoto aliyekulia humo akisikia neno barua anamfikiria mwenye cheo. Sisi tunaopigiwa simu hizi ndio wa kumweleza mapema kwamba chuo cha Marekani kinataka kumsikia mtu aliyemfundisha darasani. Fomu ya mwalimu kwenye Common App inamtaka hata amlinganishe mwanafunzi na wengine aliowahi kuwafundisha. Mkuu wa shule ambaye hajashika chaki mbele yake atajaza nini hapo?

Ila usimwache kabisa. Kuna fomu nyingine, ya shule yenyewe, inayokwenda pamoja na matokeo ya mwanafunzi. Marekani hujazwa na mshauri wa wanafunzi. Shule nyingi za Dar hazina mtu wa kazi hiyo, kwa hiyo mwombe mkuu, makamu wake au mwalimu wa taaluma. Hapo ndipo pao.

Basi nikamuuliza mpwa wangu swali jingine: ni mwalimu gani aliwahi kukuona umekwama? Akacheka kwanza, halafu akanisimulia habari ya maabara. Walikuwa kwenye jaribio la pendulamu, na namba zake zikakataa kukaa kwenye mstari. Wenzake walinakili majibu ya daftari la mwaka uliopita. Yeye akarudia mara tatu, hadi akagundua kwamba uzi ulikuwa ukiteleza kwenye kizibo, kila bembea urefu unabadilika. Mwalimu wa Fizikia alikuwa amesimama nyuma yake anamtazama, hakusema kitu. Somo hilo alipata C.

Huyo ndiye wa kuombwa, hata kama kwenye Kemia ana A. Mwalimu wa Kemia angeandika kwamba ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu, maneno yale yale yaliyo kwenye vyeti vya tabia vya nusu ya vijana wa Dar. Wa Fizikia ana kisa, na kisa kile hakuna mwombaji mwingine mwenye nacho.

Barua ya mwalimu wa pili ilitutesa zaidi. MIT, kwa mfano, huomba barua ya mwalimu mmoja wa hesabu au sayansi na ya mwingine wa lugha au masomo ya jamii. Mtoto wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu, anaona hana huyo wa pili. Anaye. Mpwa wangu alisoma General Studies, somo la masuala ya jamii, na mwalimu wake ndiye aliyekuwa akisimamia midahalo. Kama hakuna wa namna hiyo, rudini kwa mwalimu wa Kiswahili au Historia wa kidato cha nne, mradi bado anamkumbuka. Mwalimu wa twisheni anaweza kumfahamu kuliko wote, lakini si mwalimu wa shule. Mweke kwenye nafasi ya ziada, chuo kikiiruhusu.

Sasa jambo linaloniuma. Walimu wengi, kwa wema tu na kwa kuzidiwa na kazi, watakwambia: "Andika wewe, lete nisaini." Msikubali. Ni udanganyifu, na mtoto akigundulika anaweza kupoteza nafasi. Mjibuni kwa heshima kwamba chuo kinataka maneno ya mwalimu mwenyewe, kisha mrahisishieni: ukurasa mmoja wenye masomo na mwaka aliomfundisha, visa viwili vitatu vya darasani, anachotaka kusoma na tarehe za mwisho. Huko ni kumkumbusha, barua inabaki yake. Mwambieni pia asitaje jina la chuo, kwa sababu barua hiyo moja itakwenda vyuo vyote.

Kabla ya kuwaalika walimu, mwanafunzi ataulizwa kama anaiacha haki ya kuziona barua, haki inayotokana na sheria ya Marekani ya 1974. Aiache. Wanaosoma maombi vyuoni huiamini zaidi barua ambayo mwombaji hakuichungulia.

Halafu kalenda. Kidato cha sita wanafanya mtihani Mei na kutawanyika. Mwalimu naye anaweza kuhamishwa mkoa. Ombi la mdomo lifanyike kabla ya kuondoka shuleni, na mchukue namba yake ya simu pamoja na barua pepe anayoifungua kweli. Vyuo vingi hufunga tarehe 1 Novemba kwa wanaowahi, na mwanzoni mwa Januari kwa wengine. Novemba walimu wanasimamia mtihani wa kidato cha nne, Desemba baadhi yao wako kwenye usahihishaji, mbali na nyumbani. Barua isiyokuwa tayari kufikia Oktoba inaniogopesha. Wa Uingereza hali ni nyingine: UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya huko, hutaka barua moja tu ya mapendekezo, na Oxford, Cambridge na kozi nyingi za tiba hufunga katikati ya Oktoba.

Ujumbe wa WhatsApp tuliomtumia mwalimu wa Fizikia ulikuwa huu: "Shikamoo Mwalimu. Ni mimi wa PCM, yule wa uzi na kizibo. Naomba vyuo Marekani na ningependa uniandikie barua, kama una nafasi na unaona una jambo zuri la kusema juu yangu. Kama haiwezekani nitaelewa kabisa." Sentensi ya mwisho msiikate. Mwalimu anayesitasita apewe mlango wa kutokea, maana barua ya kulazimishwa hupoa.

Msimtumie hela kabla hajaandika, mtamweka pabaya. Kama anahitaji bando la kupakia barua, mnunulieni bando. Majibu mengi hutoka kufikia mwisho wa Machi. Siku hiyo, kabla ya kuweka chochote kwenye status, kijana ampigie mwalimu.