Kusafiri kwa ndege na sanduku la kupimia dawa: kemikali zipitie njia yake

Mara ya kwanza nilipopeleka sanduku la kupimia dawa Mwanza, nililifunga lote kama lilivyokuwa mezani: bamba za kromatografia (vibao vya kutenganishia kemikali), taa, vidonge vya kulinganishia na chupa tano za vimiminika. Nilikuwa na barua ya ofisi yenye mhuri, nikaamini mhuri ule utanivusha. Pale kwenye ukaguzi mzee mmoja akatoa chupa ya methanoli, akaisoma lebo polepole, akaniuliza, "Binti yangu, hii ikimwagika kule chini ndege ikiwa hewani, nani atashuka kuifuta?" Sikuwa na jibu. Chupa zikabaki Dar es Salaam, nami nikafika Mwanza bila uwezo wa kupima hata kidonge kimoja.

Kazi yenyewe ni hii: tunachukua vidonge vya malaria au antibayotiki kutoka duka la dawa, tunavipima papo hapo kujua kama ndani kuna dawa kweli. Unasaga kidonge, unakiyeyusha, unadondosha tone kwenye bamba, unalisimamisha bamba ndani ya kiyeyushi kisha unalitazama kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254. Doa lisipolingana na la kidonge halisi, kuna jambo. Masanduku ya namna hii, kama Minilab ya Wajerumani, yamesaidia sana nchi zetu. Lakini bila methanoli, asetoni, ethili asetati, tolueni na wakati mwingine asidi, hayafanyi kitu.

Kwa hiyo ondoa kwanza wazo kwamba sanduku ni kitu kimoja. Wewe unaona kifaa cha afya, ila shirika la ndege linaona chupa moja moja. Kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa hatarishi, methanoli ni namba UN 1230 na asetoni ni UN 1090, zote kundi la 3, vimiminika vinavyowaka. Asidi ya sulfuriki ni UN 1830, kundi la 8, vitu vinavyounguza. Hizi haziruhusiwi kwenye begi la mkononi wala begi la chini, hata chupa iwe ndogo kiasi gani. Wengi huteleza hapa. Ile kanuni ya mililita 100 ilikuja baada ya njama ya London ya Agosti 2006, na inahusu vilipuzi vya kuchanganywa ndani ya ndege. Haimpi abiria ruhusa ya kubeba asidi.

Wanaopima dawa za kulevya nao wanahusika. Kitendanishi cha Marquis, yaani kimiminika cha kupimia, kile kinachogeuka zambarau kikigusa heroini, ni formaldehaidi ndani ya asidi kali ya sulfuriki. Kichupa chake ni kidogo kama cha dawa ya macho, na kwa udogo huo watu hukitia mfukoni. Usifanye hivyo. Vile vijiti vikavu vya kupima mkojo ni habari nyingine: havina kimiminika kikali, vibebe.

Mnamo tarehe 3 Novemba 1973 ndege ya mizigo ya Pan Am ilianguka Boston, Marekani, wafanyakazi wake wote watatu wakafa. Ilikuwa imebeba asidi ya nitriki iliyopakiwa kwenye maranda ya mbao. Asidi ilivuja, ikakutana na maranda, moshi ukajaa hadi chumba cha rubani. Maranda yale yaliwekwa ili kulinda chupa. Tangu nilipoijua habari hii sijabishana tena na mkaguzi yeyote.

Sasa nafanya hivi. Vitu vikavu nasafiri navyo mwenyewe: bamba, taa, glasi, mizani ndogo, vidonge vya kulinganishia vikiwa kwenye pakiti zake zenye lebo. Betri za akiba za lithiamu na pawabenki hukaa begi la mkononi, kamwe si la chini. Barua ya ofisi naiweka juu kabisa, na inataja kilichomo kitu kwa kitu. Neno "vifaa vya maabara" peke yake huamsha maswali.

Vimiminika navinunua niendako. Wiki mbili kabla, napiga simu maabara ya hospitali ya mkoa au duka la kemikali la huko, nauliza kama wana vya daraja la uchambuzi, yaani vilivyo safi vya kutosha kwa vipimo. Chupa ya huko huijui historia yake, kwa hiyo siku ya kwanza pima kidonge halisi pekee. Doa likikaa mahali pake, endelea. Likihama, huenda kiyeyushi kimeingia maji, na ukikitumia unaweza kumwita mwenye duka mwongo bila kosa lake.

Kisipopatikana huko, tuma kwa kargo. Kuna nafasi iitwayo viwango vilivyosamehewa: kwa viyeyushi hivi, chupa ya ndani isizidi mililita 30 na kifurushi kizima kisizidi mililita 500. Jaribio langu moja hula mililita 20 hivi, kwa hiyo hizo zinatosha kazi ya siku kadhaa. Usizijaze hadi shingoni, acha nafasi ya kimiminika kutanuka. Kifurushi kiwe cha aina iliyofaulu kuangushwa kutoka mita 1.8, kibandikwe alama yenye herufi E, na hati ya mzigo iseme kilichomo. Asidi hidrokloriki na amonia zisilale kifurushi kimoja. Mwachie wakala aliyesomea bidhaa hatarishi, na mpe karatasi ya usalama ya kila kemikali. Nafasi hii ni ya kargo tu, abiria hana haki nayo.

Asetoni, tolueni, asidi hidrokloriki na ya sulfuriki zimo pia kwenye orodha ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, kwa sababu hutumika kutengenezea dawa za kulevya. Polisi akikuuliza unazipeleka wapi, ana sababu. Kwa Tanzania, ulizia vibali vya kemikali kwa Mkemia Mkuu wa Serikali mapema, kabla hujanunua tiketi.

Safari ya kurudi ndiyo inayosahaulika. Chupa iliyoisha asetoni bado ina mvuke unaowaka, nayo huhesabiwa kuwa hatari hadi isafishwe. Mimi mabaki nayakabidhi maabara ya hospitali wayatie kwenye taka zao za kemikali, simwagi sinki. Glasi naziosha jioni, nazianika wazi usiku kucha dirishani, na asubuhi nanusa kila moja kabla ya kuifunga sandukuni.