Kagua bolti za baiskeli ya milimani kabla hazijakuangusha

Bolti ikikazwa hunyumbuka kidogo, na mvutano huo ndio unaobana vifaa. Mtikisiko wa mawe na mizizi ukivisogeza vifaa hivyo hata kidogo, mvutano hupungua na bolti huanza kujifungua. Kukaza kwa kukisia hakutoshi. Andaa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), funguo za aleni za milimita 4, 5, 6 na 8, na biti ya T25 (yenye ncha ya nyota).

1. Osha baiskeli uione. Shika breki ya mbele, isukume mbele na nyuma, kidole kikiwa pale uma unapoingia kwenye fremu. Ukihisi inagonga, hedseti (beringi zinazozungusha uma ndani ya fremu) imelegea.

2. Legeza kwanza bolti za pembeni za stemu (kipande kinachounganisha usukani na uma). Kaza ya juu kidogo kidogo mpaka kugonga kuishe lakini usukani bado ugeuke kwa wepesi. Nyoosha stemu, kisha kaza za pembeni. Wengi hukosea hapa: bolti ya juu haishikilii usukani, huondoa tu kucheza kwa hedseti. Ukiibana sana utaua beringi, na stemu itazunguka vilevile ukitua vibaya.

3. Bolti nne za mbele ya stemu zikaze kwa mshazari, kidogo kidogo kwa zamu. Torki yake mara nyingi ni Nm (nyutoni-mita) 4 hadi 6, lakini fuata namba iliyochapwa kwenye stemu yenyewe. Usizidishe “kwa usalama”: thredi (mistari ya skrubu) za alumini hung'oka, na usukani wa kaboni unaweza kupata ufa usioonekana, ukakatika siku nyingine katikati ya mteremko. Ukimaliza, bana gurudumu la mbele kwa magoti na ujaribu kuugeuza usukani kwa nguvu. Usukani haupaswi kusogea.

4. Kalipa za breki (sehemu zinazobana diski): Nm 6 hadi 8 kwa kawaida. Bolti za diski hutofautiana sana, soma maelekezo ya mtengenezaji. Bolti ya breki iliyolegea ifungue, safisha thredi kwa spiriti, weka tone moja la gundi ya thredi ya bluu (nyekundu hapana, haifunguki bila moto), kaza, kisha iache saa 24. Gundi isiguse diski wala pedi.

5. Tikisa mikono ya krenki (inayoshika pedali) kuelekea fremu. Ule wa kushoto wa Shimano wenye bolti mbili hukazwa Nm 12 hadi 14, kwa zamu. Mkono ukicheza, usiendeshe baiskeli hata kidogo. Meno ya ndani yakilika, mkono huo hautengenezeki. Pedali ya kushoto hukazwa kinyume cha saa. Malizia na ekseli (mihimili ya magurudumu) na viungo vya fremu.

6. Chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha kila bolti hadi kwenye kifaa. Mstari ukikatika, bolti imezunguka. Ikirudia kulegea, usiendelee kuikaza: itoe, angalia thredi na uso inapokalia, uibadilishe kwa nyingine ya urefu uleule.