Kutoa Picha Tuli na Picha Mjongeo Kwenye GIMP

Ukibonyeza Ctrl+S ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, kazi yako huhifadhiwa katika umbizo la XCF, ambalo hutunza matabaka yote (sehemu za picha zilizopangwa moja juu ya nyingine) lakini halifai kuwekwa tovutini. Ili kupata faili ya kumtumia mtu mwingine, bonyeza Shift+Ctrl+E, kisha andika jina la faili pamoja na kiendelezi chake, kwa mfano nembo.png, kwa kuwa GIMP hutambua umbizo unalolitaka kutokana na kiendelezi hicho.

Picha iliyopigwa kwa kamera itoe kwa JPEG, ukiweka ubora kati ya 80 na 90. Nembo isiyo na usuli itoe kwa PNG, kwani JPEG haihifadhi uwazi na huacha ukungu kandokando ya herufi.

Picha mjongeo ndiyo huwasumbua wengi. Kila tabaka ni fremu moja, yaani picha moja katika mfululizo wa mwendo, na fremu huchezwa kuanzia tabaka la chini kwenda juu. Ukitaka mojawapo ikae nusu sekunde, ongeza (500ms) mwishoni mwa jina la tabaka lake. Jaribu mwendo kwanza kupitia menyu ya vichujio, kisha toa faili kwa jina linaloishia na .gif, na katika kisanduku kitakachofunguka weka alama penye chaguo la mjongeo. Usipofanya hivyo, utapata picha moja iliyoganda, kosa ambalo mimi mwenyewe nimelifanya si mara moja. Aidha, fremu ya GIF hubeba rangi zisizozidi 256, ndiyo maana anga la machweo hutoka na michirizi.