Kupiga Picha za Magari ya Mashindano Usiku kwa Flashi

Mpigapicha wa magari ya mashindano usiku hufanya kazi mbili kwa mbonyezo mmoja: shata, yaani mlango wa kamera unaofunguka kupitisha mwanga, hukusanya mwanga uliopo, yaani taa za gari na za nguzo, nayo flashi huligandisha gari lenyewe. Anayezitenganisha kazi hizo mbili akilini hapati taabu na mipangilio ya kamera.

Tuchukue gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa, ambalo kila sekunde huvuka takriban mita 28. Shata ikikaa wazi kwa 1/30 ya sekunde, gari husogea karibu mita nzima, na bila flashi hubaki ukungu mtupu. Lakini flashi ndogo iliyowekwa robo ya nguvu yake humulika kwa muda wa takriban 1/2000 ya sekunde, na katika muda huo gari halisogei hata sentimita mbili. Kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia shata ya kasi. Kamera nyingi haziendi pamoja na flashi kupita 1/200 au 1/250, na ile hali maalumu ya kuuvuka mpaka huo hula nguvu ya flashi kiasi kwamba, kwa maoni yangu, haifai kwa gari lililo mbali gizani.

Anza na shata ya 1/30, tundu la lenzi la f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600 na flashi robo. Kwa flashi yenye namba ya nguvu (guide number, kipimo cha umbali unaofikiwa na mwanga wake) 60 katika ISO 100, mipangilio hiyo hufikisha mwanga takriban mita 20. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaolifikia gari hubaki robo tu. Hapo ni heri kupandisha ISO kuliko kuiweka flashi kwenye nguvu kamili, kwa sababu mmuliko wa nguvu kamili ni mrefu zaidi na betri huchukua sekunde kadhaa kujaza tena, ilhali gari la pili limekwisha kupita.

Kamera, isipoelekezwa vinginevyo, huwasha flashi mwanzoni mwa shata, na michirizi ya taa hutokea mbele ya gari, likaonekana kama linarudi kinyumenyume. Chagua mpangilio wa pazia la nyuma (rear curtain), ili flashi iwake mwishoni na michirizi ya taa ifuate gari. Baadhi ya vifaa vya redio vya kuwashia flashi ya mbali havina uwezo huo, basi jaribu nyumbani kabla ya kwenda uwanjani.

Kulifuata gari kwa kamera ni kazi ya kiuno, si ya mikono: miguu itulie, viwiko vibane mbavuni, mwili ugeuke kutoka kiunoni, na uendelee kugeuka hata baada ya kubonyeza. Mazoezi ni rahisi hapa Mombasa; simama kando ya Barabara ya Moi karibu na Pembe za Ndovu jioni, ufuate tuktuk zinavyopita, flashi ikiwa imezimwa. Nasisitiza imezimwa, kwani kummulika ghafla dereva aliye barabarani na abiria wake ni kuhatarisha maisha.

Uwanjani nako, omba ruhusa ya waandaaji kwanza, na usimmulike dereva anayekuja usoni kwako. Mwache akufikie, kisha mulika ubavu na sehemu ya nyuma. Usisimame upande wa nje wa kona, maana huko ndiko gari linakoteleza likishindwa kukata.

Flashi iliyo juu ya kamera ina ubaya mwingine: vibandiko vinavyoakisi mwanga huurudisha kule ulikotoka, kwa hiyo namba ya mlangoni huwa doa jeupe huku rangi ya gari ikibaki giza. Vumbi lililo mbele ya lenzi nalo hung'aa kama theluji. Iondoe flashi kwenye kamera, uiweke kwenye stendi mita mbili au tatu pembeni, na uizuie stendi kwa mfuko wa mchanga. Vibandiko vitatulia, na vumbi nyuma ya magurudumu litapata umbo. Taa za nguzo zikiwa za manjano, funika flashi kwa karatasi angavu ya rangi ya chungwa, la sivyo gari litakuwa la buluu katikati ya mandhari ya manjano.

Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi. Lenzi iliyotoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi hufanya ukungu mara inapotoka nje, basi iache ndani ya mfuko uliofungwa ipate joto taratibu, kama nusu saa kabla ya magari kuanza. Ukirudi, pangusa vyuma vya betri na vya flashi kwa kitambaa kikavu, kwani chumvi ya bahari huvila bila kelele.